Okidi Haihami Peke Yake

Hotuba kwa wakuza miche na majirani, Kileleshwa, Nairobi

Wazee wetu, akina mama, vijana wenzangu wa miche, na nyinyi watoto mlioketi kwenye nyasi pale mbele: hamjambo nyote? Asanteni kwa kunipa nafasi. Mimi ni muuza miche. Kitalu changu kiko kando ya barabara kama vya wengi wenu, na kwa miaka zaidi ya ishirini nimelisha na kusomesha watoto kwa miche, samadi na vyungu. Haya nitakayosema sikuyapata darasani. Nimeyapata kwa kupoteza, kwa kuwauliza waliosoma, na kwa kukesha.

Nimekuja na gogo hili. Ni kipande cha tawi la mjakaranda uliokuwa umesimama ng'ambo ya ukuta ule, pale palipo na jengo la ghorofa sasa. Wengi wenu mnaukumbuka. Mwezi wa kumi barabara yote hii ilikuwa zambarau kwa maua yake. Juu ya gogo mnaona mmea wenye majani mazito ya kijani kibichi, yamepangwa huku na huku kama manyoya ya mshale. Wataalamu wanauita Aerangis brachycarpa. Ni okidi ya hapa kwetu, haikuletwa na meli wala ndege.

Wewe mtoto wa shati la bluu, njoo unisaidie. Shika hii chupa ya maji, nyunyizia hapa kwenye mzizi. Polepole. Haya, waambie wenzako umeona nini. Umegeuka rangi, sivyo? Ulikuwa mweupe kama chaki, sasa ni kijani. Ule weupe ni ganda jepesi linalofanya kazi kama sponji. Mvua ikinyesha, au ukungu wa asubuhi ukipita, sponji inafyonza maji upesi kabla hayajateremka kwenye gome na kupotea, kisha ukijani wa ndani unaonekana. Mzizi huu haujaingia ndani ya mti hata kidogo. Umeukumbatia tu, kama mtoto anavyoshika mgongo wa mama yake.

Nasema hivi kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiambia, "Mzee, ondoa hiyo kitu, inanyonya mti." Ipo mimea inayonyonya miti kweli, ile inayopenyeza mizizi ndani ya tawi na kunywa maji yake. Okidi haimo katika kundi hilo. Chakula chake inajitengenezea kwa jua, na mti inauhitaji kama sisi tunavyohitaji sakafu. Lakini neno hilo "inanyonya" limeua okidi nyingi katika mitaa hii. Mwenye ploti anaajiri kijana asafishe miti, kijana anapanda na panga, anakwangua gome kutoka juu hadi chini, jioni kila kitu kimerundikwa kwenye takataka. Mti unaonekana safi, na kilichokuwa kimeishi pale pengine tangu kabla kijana huyo hajazaliwa kimeisha.

Kenya ina aina zinazokaribia 280 za okidi za asili. Ziko za kwenye miti kama hii, ziko za ardhini zenye viazi chini ya udongo, na kule Pwani iko vanila mwitu isiyo na majani, shina lake la kijani limepanda vichakani kama kamba. Ndiyo, vanila ni okidi. Nitairudia.

Sasa niseme kosa langu. Nilipoanza biashara, kulikuwa na mtu aliyeniletea okidi kwa gunia. Alfajiri, kabla barabara haijajaa magari, anashusha gunia kutoka kwenye baiskeli na kulimwaga chini. Zilitoka kama sukuma wiki ya jana: majani yamelegea, mizizi imekatika, mingine bado imeng'ang'ania vipande vya gome. Sikuuliza zilikotoka. Nilizifunga kwenye vibao, nikazitundika mbele ya kitalu, na wateja walizipenda. Baada ya miezi kadhaa wateja wale wale wanarudi: "Ile maua yako imekufa." Nikawa nawauliza kama walimwagilia. Nikawalaumu. Zile nilizobaki nazo mwenyewe nazo zikakauka moja baada ya nyingine, baadhi zikichukua mwaka mzima. Hilo ndilo la hatari kwa okidi. Haifi leo. Ina akiba katika majani na mizizi, kwa hiyo inakwisha taratibu mpaka unasahau ni mkono wa nani ulioiua.

Nilikuja kumuuliza mtu anayefanya kazi ya mimea, nikitaka aniambie mbolea gani nitumie. Hakunijibu mbolea. Aliniuliza: "Uliichukua na nani?" Nikadhani anauliza mwizi mwenzangu ni nani. Kumbe alikuwa anauliza kama niliibeba pamoja na wenzake. Okidi haiishi peke yake, na ukiihamisha peke yake umehamisha mwili tu. Maneno ninayowaambia leo yote yanatoka kwenye swali lile.

Mwenzake wa kwanza ni kuvu. Punje ya mahindi inaondoka kwa mama yake na chakula cha safari. Ndiyo maana ukiiweka kwenye pamba yenye maji inaota. Mbegu ya okidi haijafungiwa chochote. Ni vumbi. Ganda moja linaweza kuwa na maelfu kwa maelfu ya mbegu, upepo unazipeleka popote, na karibu zote zinapotea. Inayobahatika ni ile inayotua mahali penye kuvu fulani, nyuzi nyembamba sana ambazo macho yako hayazioni. Kuvu huyo anaingia ndani ya mbegu, na mbegu inakula kupitia kwake mpaka itoe jani la kwanza. Aliyeligundua hili ni Mfaransa Noël Bernard, mwaka 1899, alipokuta msituni miche midogo ya okidi inayochipuka na kuiona imejaa nyuzi za kuvu. Kabla ya hapo watu wa Ulaya walikuwa wakimwaga mbegu za okidi kwenye vyungu miaka na miaka wakishangaa kwa nini hazioti kwa uhakika. Basi kuvu yuko kwenye gome la mti na katika udongo wa msitu. Yule jamaa wa gunia hakuniletea kuvu. Hata mmea ule ungeishi kwenye kibao changu na kuzaa mbegu, mbegu zingeangukia saruji.

Mwenzake wa pili nilikesha usiku kumwona, na hapo mniruhusu nichukue muda.

Mteja wangu mmoja, mama mzee wa upande wa Lang'ata, ana mti uani kwake wenye okidi kama hii. Alinipigia simu kuniambia imechanua. Nikaenda saa kumi na moja jioni. Maua yalikuwa meupe, yamepangana kwenye kikonyo kinachoning'inia, kila ua kama nyota, na nyuma ya kila ua mkia mwembamba kama uzi unashuka, mrefu kupita kidole changu cha kati. Nikanusa. Hakuna kitu. Mama akanicheka, akaniambia, "Kaa, kunywa chai, subiri." Jua likazama, ndege wakanyamaza, na kwenye saa moja na nusu harufu ikatokea ghafla, tamu, kama asmini ya Mombasa, ikajaa baraza lote. Mchana ua lile lilikuwa limefunga duka, usiku limefungua.

Tulizima taa za nje. Nilikuwa na tochi niliyoifunga karatasi nyekundu, maana nilielezwa kwamba mwanga mweupe unawasumbua wadudu wa usiku. Saa mbili hakuna kitu. Saa tatu hakuna kitu. Baridi ya Nairobi mnaijua. Kwenye saa tatu unusu nikasikia kabla sijaona: mvumo mzito, kama feni ndogo. Nondo mkubwa wa kijivu, ubavuni mwa tumbo ana mistari ya rangi ya waridi, amesimama hewani mbele ya ua kama helikopta. Hakutua. Alikunjua mrija wa mdomo wake, na mrija ule ulikuwa mrefu kupita mwili wake mwenyewe, akauingiza kwenye tundu la ua na kusogea taratibu mpaka uso wake ukagusa ua. Chini kabisa mwa ule mkia ndiko kwenye mbochi, utamu wa ua. Watafiti walioziangalia okidi za jamii hii hapa Kenya, kazi iliyochapishwa mwaka 2007, walipima mbochi huo wakakuta kwamba karibu na mdomo wa mkia ni hafifu, na kadiri unavyoshuka ndivyo sukari inavyozidi. Ua linamvuta mgeni aingie mpaka mwisho. Akifika mwisho, kichwa chake kimebana pale palipo na gundi, na anapojitoa anaondoka na vifurushi viwili vya chavua vimemganda. Ua la pili atakalolitembelea ndilo litakalopokea.

Nondo huyo jina lake la kitaalamu ni Agrius convolvuli. Wakulima mliopo hapa mnamjua vizuri, ila hamjui kwamba mnamjua. Mtoto wake ni yule kiwavi mnene mwenye pembe mkiani anayekula marando ya viazi vitamu. Mnamponda kwa kiatu, au mnampulizia dawa. Siwalaumu, viazi ni chakula. Ila kiwavi huyo akiisha shambani, kuna ua juu ya mti litakalosubiri usiku baada ya usiku, litanyauka, na mwaka huo hakuna ganda. Tuvumilie majani machache yaliyotobolewa. Kiazi kiko chini, na shina la viazi lina nguvu ya kuchipua tena. Na taa zile kali tunazozielekeza kwenye miti usiku kucha kwa ajili ya usalama, tuzigeuze zimulike lango. Nondo akinaswa na taa, anazunguka hapo mpaka alfajiri na ua hatalifikia.

Kwa hiyo nikisema "tulinde okidi" sisemi tuzungushie uzio mmea mmoja. Nasema mti wenye gome lililokwaruza, kuvu asiyeonekana, nondo, na shamba la marando la jirani. Ndiyo maana msitu mzima una thamani kuliko mkusanyo wowote wa vyungu. Profesa Wangari Maathai alipopigwa kwenye lango la msitu wa Karura, hapa Nairobi, mwaka 1999 akitetea msitu ule usigawanywe kwa wajenzi, watu wengi walidhani anapigania miti. Alipigania na kila kitu kinachoishi juu ya miti hiyo. Karura ingegawanywa, leo tungekuwa na bustani nzuri nzuri za nyumba kubwa, na okidi tungeziona kwenye picha.

Majirani zetu wa Tanzania wana somo lingine, tena chungu. Kule nyanda za juu kusini kuna uwanda wa Kitulo, nyasi tupu juu ya mita 2,600, mvua zikinyesha unachanua kwa okidi za ardhini. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Okidi zile zina viazi vidogo chini, kwa kawaida viwili: kimoja kinalisha ua la mwaka huu, cha pili ni akiba ya mwaka ujao. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, viazi hivyo husagwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga, kinakuwa kama mkate mzito, wanakiita chikanda. Chakula cha watu, cha heshima, cha mila. Zamani mama alichimba vya kutosha sufuria moja. Lakini miji ilipokua na biashara ikapanuka, okidi za Zambia zikapungua, wachuuzi wakavuka hadi Tanzania na magunia. Makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalisema viazi kati ya milioni 2 na milioni 4 vilikuwa vinatoka huko kila mwaka. Mwaka 2005 Kitulo ikatangazwa hifadhi ya taifa, na sababu kubwa ilikuwa maua. Hebu fikirini: hifadhi ya taifa bila tembo wala simba wa kuvuta watalii, imewekwa kwa ajili ya maua, na aina za okidi peke yake huko ni 45.

Nikisikia habari ya Kitulo nalikumbuka gunia langu. Tofauti ni kwamba wale walichimba wapate chakula. Mimi nilitundika kwa ajili ya urembo.

Sasa wakuza miche wenzangu, najua mnachowaza. Mteja anaitaka, atainunua kwa mwingine. Kweli. Basi tumpe iliyotoka kwenye chupa. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu ya okidi inaweza kuota bila kuvu, ikiwekwa kwenye chupa safi yenye agari, ule ute unaoganda kama jeli, pamoja na sukari na madini kidogo. Zile okidi kubwa za zambarau na nyeupe zinazouzwa kwenye maduka ya zawadi mjini, asili yake Asia, zote zimelelewa chupani kwa njia zilizotokana na hiyo. Na sisi hapa si wageni wa chupa. Nani kati yenu hajauza migomba ya tishu? Maabara inayotoa mgomba ndani ya chupa ina meza ile ile, taa ile ile, usafi ule ule unaohitajika kwa okidi. Kinachokosekana ni ganda moja lililokomaa, limechumwa kwa kibali, na subira, kwa sababu miaka kadhaa itapita kabla mche huo haujachanua. Mwenye haraka auze mapapai. Lakini tukianza, mtoto wangu atauza okidi ya Kenya isiyo na damu.

Kuitambua ya porini ni rahisi. Majani yana makovu na matundu ya wadudu, kuvumwani, yale magamba ya kijivu ya kwenye magome, imeota juu yake, mizizi imevunjika na imekauka upande mmoja, na muuzaji hataki kusema ameitoa wapi. Ya chupani ina mizizi mizima, na zote kwenye meza zinalingana kimo kama watoto wa darasa moja. Kwa upande wa sheria sitakaa sana. Okidi zote ulimwenguni zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, kwa hiyo kuzivusha mpaka bila kibali ni kosa, na hapa nyumbani tuna Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Anayewaletea gunia anawaletea na kesi.

Kuna jambo lingine nililojifunza kwa kuchelewa: kuandika. Pale Makumbusho ya Taifa kuna Hebaria ya Afrika Mashariki. Ilianzia Amani, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1902, ikahamia Nairobi mwaka 1950, na leo ina mimea iliyokaushwa takriban milioni moja. Niliwahi kuonyeshwa karatasi moja ya zamani. Ua limeshakuwa kahawia, limebandikwa kwa vipande vya karatasi, huwezi kuliita zuri. Kilichonishika ni kile kibandiko cha pembeni: tarehe, mahali, mwinuko, mti gani, upande gani wa mto. Kwa kibandiko hicho mtu leo anaweza kurudi pale pale akaangalia kama bado ipo. Nikafikiria mamia yaliyopita mikononi mwangu kwenye magunia, na hakuna hata moja ninayoweza kuwaambia ilitoka msitu gani. Zilikufa mara mbili. Iko okidi ya nyanda zetu za juu iitwayo Rangaeris amaniensis, imebeba jina la Amani huko Usambara. Jina lake tu limetunza mahali ilipoandikwa mara ya kwanza.

Basi vijana, mna simu. Ukiona okidi mtini usiguse. Piga picha ya ua, ya majani, ya mti mzima. Andika ni mti gani, kimo gani, kivulini au juani, tarehe gani imechanua. Wapelekee wanaojua. Lakini ukiiweka mtandaoni, zima ile sehemu ya simu inayoonyesha picha ilipigwa wapi, na usitaje mti. Wabeba magunia nao wana simu.

Na watoto, nanyi msiseme haya ni ya wakubwa. Ile vanila ya kwenye aiskrimu na keki mnayoijua ni okidi ya Mexico. Kule kwao kuna nyuki wanaoichavusha. Ilipopelekwa kisiwa cha Réunion, huku Bahari ya Hindi, ilipanda miti ikachanua lakini ikagoma kuzaa, kwa sababu ilihamishwa bila nyuki wake. Mwaka 1841 mtoto wa miaka 12, mtumwa, jina lake Edmond Albius, aliliangalia ua lile kwa makini akaona ni kipande gani kidogo kinachozuia chavua. Akakiinua kwa kijiti na kusukuma kwa dole gumba. Ganda likatoka. Mpaka leo mashamba ya vanila yanachavushwa kwa njia ya mtoto yule, ua kwa ua, kwa mkono. Wengine walitajirika, yeye akafa maskini. Ninalitaja jina lake kila ninapopata watu wa kunisikiliza.

Mwisho ni huu mjakaranda wa ng'ambo ya ukuta. Mjakaranda si mti wa Afrika, umetoka Amerika Kusini, na wapo wanaosema miti ya kigeni ikatwe tu. Mimi nasema kabla hujakata, inua macho. Ule ulikuwa umewapokea wenyeji. Siku niliyopata habari, msumeno wa petroli ulikuwa umeshaanza. Mti wa mugumo pale Waiyaki Way uliokolewa mwaka 2020 kwa amri ya rais, lakini rais hawezi kuja kwa kila mti, na huu ulikuwa umeshapata kibali cha kukatwa. Nikamwomba msimamizi wa mjengo anipe matawi. Akanipa mpaka saa sita, lori likija lisinikute.

Nilihesabu mashina kumi na saba. Sikung'oa hata moja. Kila palipokuwa na mmea nilikata gome lake lote pamoja nao, na palipowezekana nikachukua kipande cha tawi, kama hiki. Kwenye kila kimoja nilibandika karatasi: kimo cha tawi kabla halijaanguka, upande wa mashariki au magharibi, kivuli kiasi gani. Kisha, kwa ruhusa ya wenye ploti hii, tukazifunga siku ile ile kwenye miti iliyopo hapa, hatua chache kutoka zilipokuwa, upande ule ule, kimo kinachokaribiana. Tulifunga kwa vipande vya soksi ndefu za nailoni, maana zinavutika mti unaponenepa. Waya hukata, gundi huchoma, na samadi juu ya mizizi hii ni sumu, enyi wenzangu wenye mkono mwepesi wa samadi. Maji ya kunyunyizia tu, asubuhi, mpaka uone ncha mpya ya mzizi, ya kijani inayong'aa, imeshika gome jipya. Ukiiona ncha hiyo, kata soksi, ondoka.

Ni miaka mitatu sasa. Kumi na moja ziko hai. Sita tumezipoteza, nne kati yake kwenye ule mti wenye gome laini, kosa ambalo sitalirudia. Nne zimechanua. Na mvua za mwaka huu zilipokatika, nilipanda ngazi nikakuta maganda kwenye mbili, hapa juu ya vichwa vyenu, bila mtu yeyote kuchavusha. Yule mgeni wa usiku alikuja. Niliteremka nikakaa chini ya mti muda mrefu bila kusema na mtu.

Gogo hili ndilo pekee nililobaki nalo kitaluni. Nililitaka liwe mama wa chupa zangu, na kwa sababu hiyo nililinyima mti. Lakini angalieni hapa chini ya jani: ganda, la kijani, limeanza njano kwenye mshono. Kitaluni kwangu likipasuka, vumbi lake litaanguka kwenye saruji na kwenye moshi wa matatu. Chupa zitasubiri mwaka mwingine na kibali chake. Ule mzeituni mwitu pale nyuma yenu umekubaliwa na wenye ploti, gome lake limekwaruza, na upande wa mashariki kuna panda ya tawi kwenye kimo cha mita nne, ndicho kimo kilichoandikwa kwenye karatasi hii.

Ngazi iko pale ukutani. Nahitaji vijana wawili wa kuishika, na mtoto wa shati la bluu aje na chupa yake ya maji. Soksi ninazo mfukoni.